Managu Chini ya Mti wa Bwana

Baba yangu alipanda chai mpaka mlangoni. Siongezi chumvi. Ukitoka jikoni kwetu na karai la maji machafu, mguu mmoja uko kwenye kizingiti, wa pili umeshaingia kwenye chai. Kuku walitaga humo ndani na sisi tukawatafuta kwa kutambaa. Mgeni akija mara ya kwanza alisimama barabarani akiita hodi, kwa sababu hakuona nyumba inafikiwa wapi. Mambo haya yote yalimfurahisha baba. Jioni aliketi kwenye kiti chake, akatazama chai iliyomfikia miguuni, akashusha pumzi kama mtu aliyeshiba nyama ya Krismasi.

Hapa kwetu, nyuma ya Kabianga, miaka ya tisini ilipoanza wanaume walishikwa na wazimu. Bonasi ya chai ya mwaka mmoja ilikuwa nzuri, basi kila mmoja akaanza kuitazama ardhi yake kwa jicho baya. Jirani mmoja aling'oa migomba. Mwingine alihamisha choo, na mpaka leo sijui walienda haja wapi kabla kile kipya hakijaisha. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu wa kuombea hata maji ya kunywa, alingoja mama aende Chebunyo kumwona dada yake aliyejifungua, halafu akang'oa bustani yake ya mboga.

Nilikuwepo. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, mwenye mdomo ambao ulishaniletea viboko vingi. Nikamwambia, "Baba, mama atakuua."

"Nenda ulete maji ya miche," akaniambia.

Ilikuwa bustani nzuri, jamani. Ilikuwa mbele ya jikoni, ikipigwa na jua tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Kulikuwa na sukuma, vitunguu, na ile sagaa tunayoita isageek, ambayo mama aliipika na maziwa mpaka watu wa nyumba ya pili wakapata sababu ya kuja kuomba kiberiti. Baba aliimaliza kwa jembe siku moja. Ile sukuma aliwapa ng'ombe.

Mama aliporudi, alisimama pale penye miche bila kuweka mfuko chini. Mtoto wa dada yake alikuwa amemtapikia begani na doa bado lilionekana.

"Mboga yangu iko wapi?"

"Tutakuwa tunanunua," baba akasema. "Hii chai ikikua, mboga ni kitu gani? Utanunua mpaka uchoke."

"Haya," mama akasema.

Hiyo haya ilinitisha kuliko kelele. Mama yangu alikuwa mtu wa kusema. Akishindana na wewe ulimsikia ukiwa mtoni. Lakini siku hiyo alisema haya, akabadilisha nguo, akachukua kikapu, akaingia kwenye chai ya zamani. Alichuma vizuri, majani mawili na kichipukizi, kama anapeleka kwa karani wa majani. Akarudi nayo jikoni, akaosha, akakata, akachemsha, akakaanga na kitunguu alichokuja nacho kutoka Chebunyo. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya moto na sikuuliza kitu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Sisi watoto tulipewa ugali na mursik, maziwa yaliyoganda, kutoka kwa kibuyu. Baba alipewa ugali na yale majani.

"Mboga ni hiyo," mama akamwambia. "Umeipanda mwenyewe."

Baba akaitazama sahani. Akafumba macho akaomba, na maombi hayo yalikuwa marefu, aligusa wagonjwa, wasafiri na serikali. Alipofumbua macho, majani yalikuwa bado yapo. Basi akala. Nilimwona akitafuna, taya likienda kama la ng'ombe, jasho likimtoka kwenye kipara. Alimaliza yote, akapangusa sahani na kipande cha mwisho cha ugali.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema.

Huyo ndiye baba yangu. Afadhali afe kuliko kukubali. Usingizi haukumjia usiku huo, si alikuwa amekula chai nzima nzima? Na asubuhi, macho mekundu, alimwambia mama kwamba kama ni mboga anataka, kuna mahali chini ya muringa, apande huko.

Muringa huo ulisimama kati ya jikoni na zizi. Ulikuwa mti mkubwa wa majani mapana yanayokwaruza mkono, na chini yake hakukuwa na kitu isipokuwa giza, mavi ya kuku na magurudumu ya baiskeli iliyokufa. Chai haikubali kivuli cha namna ile, ndiyo maana baba hakuwa amepataka. Alimpa mama mahali ambapo yeye mwenyewe hakuna kitu angefanya.

"Basi kata mti," mama akasema.

"Mti si wangu. Ni wa Bwana."

Na ilikuwa kweli, kwa bahati mbaya. Kwenye harambee ya kanisa watu walikuwa wamechanga kuku na madebe ya mahindi, baba akaona atoe kitu cha kukumbukwa. Alisimama na suti yake akatangaza kwamba anatoa muringa wake mzima uwe mabenchi ya nyumba ya Mungu. Watu walipiga makofi. Mama pia alipiga makofi. Wakati huo bustani yake ilikuwa bado juani na mti haukumhusu. Lakini kanisa lilikuwa bado halina kuta, na huwezi kuweka mabenchi ya muringa kwenye mvua, kwa hivyo mti ulibaki kwetu ukingoja. Baba hangeweza kuugusa. Mama hangeweza kuugusa. Mwenye mti hakuwa na haraka.

"Mwambie huyo Bwana wako aje achukue mti wake," mama alimwambia baba kila mara. "Amenifungia jua."

"Usikufuru, mama watoto."

"Nakufuru nini? Nauliza tu anakuja lini."

Kila Jumapili baada ya ibada alimsimamisha mchungaji kwenye mlango. Mchungaji, kuta zimefika wapi? Mchungaji, mabati yamepatikana? Watu walimwona mama kuwa mwanamke mwenye mzigo wa nyumba ya Mungu moyoni, wakamchagua kwenye kamati ya ujenzi. Mimi nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Huku nyuma akaanza kulima kivulini, na mwanzo ulikuwa aibu tupu. Kabichi zilitoa majani mapana zikakataa kufunga. Nyanya ziliota ukungu kabla hazijawa nyekundu. Sukuma ilirefuka na shingo nyembamba, ikainama kutafuta jua upande wa zizi, na ndama akaimalizia huko. Majirani wakapita njiani wakiuliza kama hapo ndipo popo wanapofuga mboga. Mama aliwajibu kila mmoja kulingana na kasoro zake, na wengine hawakupita tena.

Halafu akaacha kupigana na pale mahali, akaanza kupatazama. Hii ndiyo namna ya kazi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Asubuhi alipokuwa akikamua, amemfunga ng'ombe miguu na kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe, macho yalikuwa chini ya muringa. Jua likigusa mahali, mimi nilitumwa kuweka kijiti. Likihama, nihamishe kijiti. Nikiwa nasoma ya mtihani naitwa, "Wee! Jua limefika wapi?" Mwishowe kulikuwa na vijiti kila pahali na baba akauliza kama tunafuga kuku wa kufungwa. Lakini mama alijua sasa. Upande wa zizi ulipata jua la asubuhi mpaka wakati wa uji, hapo akaweka isageek na vitunguu. Karibu na ukuta wa jikoni jua lilipenya kidogo alasiri, hapo akaweka sukuma chache, kwa nafasi, si kubanana. Katikati, kwenye giza lenyewe, akamwaga mchicha, dania na managu, ambayo wengine huyaita mnavu. Malenge aliyaacha yatambae yanapotaka, kwa sababu sisi tulikula majani yake na hayo hayadai jua sana.

Yale majani ya muringa yaliyoanguka, ambayo alikuwa akiyafagia kwa matusi, akaanza kuyaacha. Yaliozea pale pale pamoja na samadi na jivu la jikoni, na udongo ukawa mweusi, laini, unazama mkono mpaka kwenye kiwiko. Na managu yakakua. Woi, yakakua! Majani yalikuwa mapana, laini, hayana ule uchungu wa managu ya juani. Mama alichuma leo, keshokutwa yameshachipuka.

Kitu kimoja tu kilibaki, matawi ya chini. Alinipandisha mimi na panga, baba akiwa amepeleka majani ya chai kituo cha kuuzia.

"Mama, si huu ni mti wa Bwana?"

"Bwana anataka shina. Matawi ya nini?"

Baba aliporudi akasimama akitazama juu. "Nani amekata huu mti?"

"Upepo," mama akasema.

"Upepo siku hizi unatembea na panga?"

"Muulize mwenye upepo, si mnaongea kila siku?"

Tukakaa hivyo miaka. Baba alikula mboga kila jioni na hakuuliza hata siku moja inatoka wapi. Hakuwahi kukanyaga chini ya mti ule. Mtu anayepita hapo kila siku akienda zizini, akageuza shingo upande wa chai! Hiyo iliniuma kuliko ule ung'oaji. Kung'oa ni hasira au tamaa, unaweza kuelewa. Lakini kula kitu miaka na usitake kukiona!

Nilikuwa nimeshamaliza darasa la nane wakati mvua ya mawe ilipokuja. Kwetu mvua hiyo si ajabu, inakuja mchana, jua likiwa limewaka vizuri ndipo mbingu inakuwa nyeusi upande mmoja. Lakini hiyo ya siku hiyo ilitumwa. Mabati yalilia mpaka tukawa tunapigiana kelele kwa ishara. Ilipokwisha, tulitoka nje tukakuta uwanja mweupe, na harufu ya majani yaliyopondwa, kana kwamba kiwanda kimehamia kwetu. Chai ya baba ilikuwa imebaki vijiti. Kutoka mlangoni mpaka barabarani, vijiti. Kwa jirani, vijiti. Sukuma za watu zilibaki mashina yamesimama kama watu walioibiwa nguo mtoni.

Baba alisimama kwenye kizingiti na mikono kichwani. Nilimhurumia, sitadanganya.

Mama alikuwa ameshazunguka nyuma. Nikamfuata. Muringa ulikuwa umepigwa vibaya, majani yake yamerundikana chini yamechanikachanika, na mama alikuwa amepiga magoti akiyaondoa polepole kwa vidole. Chini yake managu yalikuwa mazima. Machache yalitoboka. Mchicha mzima. Majani ya malenge yalikuwa na mashimo lakini yalisimama. Mama akatazama juu kwenye mti.

"Kumbe," akasema.

Wiki hizo chai haikuwa na kitu cha kuchumwa, na watu wa karibu wote walikula kutoka chini ya muringa. Hata wale wa popo walikuja na vikapu, sauti zimekuwa ndogo. Mama aliwapa. Aliwaambia maneno kwanza, halafu akawapa. Na mimi nikaona kwamba Jumapili alitoka kanisani akampita mchungaji kwenye mlango bila kuuliza chochote kuhusu mabati.

Baba naye alikuwa na mawazo yake. Hasara ya mawe ilimwingia kichwani kwamba dawa ni kuwa na chai zaidi. Siku moja nilipopeleka nyasi nyuma ya zizi nikakuta vifuko vya nailoni vimepangwa, kila kimoja na mche wa chai. Nikamwita mama. Akavitazama, akamwendea baba.

"Hii miche ni ya wapi?"

"Ya mahali tu."

"Mahali gani, na kila mahali umeshapanda?"

Baba akasema ana mkutano wa wazee. Alikuwa nao kweli, na huko, tulikuja kujua, ndiye aliyewakumbusha kwamba kuta sasa zimeisha na kuna mti unangoja. Mti ukianguka, jua lingeingia, na mahali pa ile miche pangepatikana. Mama naye, hakuna pahali pengine alikuwa napo. Hata pa kupanda kitunguu kimoja.

Walikuja Jumamosi, mchungaji na wazee wa kanisa, na fundi wa pawasoo kutoka Soin, amebeba ile mashine ya kukatia miti begani. Nilikuwa nikifua. Damu ilinichemka, nikaenda jikoni kumwambia mama tulale chini ya mti, wakate na sisi. Akanitazama kana kwamba nimepungukiwa.

"Na nani atawapikia wageni? Lete sufuria kubwa. Na uende ukachume."

"Managu?"

"Chai," mama akasema.

Alitoka na leso mpya akawasalimia kwa heshima zote. Mchungaji akasema wangependa kuanza kazi kabla ya mvua. Mama akasema haiwezekani, watu wamfanyie Mungu kazi kwake na njaa, atajibu nini? Wakaketi. Mchungaji akaombea chakula kabla ya kufunuliwa, na hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu ukishashukuru ni lazima ule.

Nilifunua mimi. Ugali mkubwa, na sahani ya mboga kwa kila mtu. Wakamega, wakachota, wakatia kinywani. Sitasahau zile nyuso mpaka nizikwe. Fundi wa pawasoo alitema nje waziwazi, yeye hakuwa mtu wa kanisa letu. Wazee walitafuna wakitazamana. Mchungaji alimeza kwa shida, akanywa maji.

"Mama, hii ni mboga gani?"

"Ni chai, Mchungaji."

"Chai?"

"Eeh. Mboga yangu iko chini ya huo mti mmekuja kukata. Mti ukienda jua litaingia, na huyu mzee wangu hawezi kuona jua limeanguka chini asilipandie chai. Miche iko tayari nyuma ya zizi, mwulizeni. Kwa hivyo mkija tena kututembelea, chakula kitakuwa hiki. Nimeona afadhali mzoee." Akamsogezea mchungaji kichupa cha chumvi. "Mwanzo alinipa hapo kwa sababu hapafai. Sasa panafaa."

Mzee mmoja akasema taratibu kwamba ahadi ilitolewa mbele ya madhabahu, kanisa zima lilisikia. Wote wakamgeukia baba. Na mimi nilimtazama, nikisema moyoni, ukikubali tu, mimi na wewe basi.

Baba alikuwa hajaonja bado. Alivuta sahani yake akaanza kula. Alikula polepole, mbele ya watu wote, tonge baada ya tonge, kama ile siku ya kwanza, na jasho likamtoka pale pale kwenye kipara. Alipomaliza ya kwake akanyoosha mkono akachukua ya mchungaji akaila pia. Mama alikuwa amesimama akingoja. Baba akapangusa sahani, akamtazama.

"Chumvi imetosha," akamwambia.

Halafu akamgeukia mchungaji. "Miche iko kweli. Mti sitatoa. Niliahidi mabenchi na mabenchi mtapata, chukueni blugamu zangu, ile miti ya mtoni, kateni zote. Kama ni dhambi, ni yangu, msimwekee mama."

Mchungaji akasema Mungu anaelewa, haraka sana, macho yakiwa kwenye sufuria iliyobaki. Wakateremka mtoni na mashine yao.

Ile miche baba alimpa mchungaji, na baada ya muda nyumba ya mchungaji nayo ikawa haionekani kutoka barabarani. Mabenchi yalitengenezwa na blugamu mbichi, yakajipinda, yakafunguka mianya inayofinya watu mapaja katikati ya mahubiri. Kila ukisikia mtu ameruka, ujue amefinywa. Mama aliketi mbele kabisa, amenyooka, kana kwamba yeye benchi lake ni la muringa.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni jioni ya Jumamosi hiyo. Pawasoo ilikuwa imenyamaza huko mtoni. Nilikuwa nasugua sufuria mlangoni, nikaona baba anaenda upande wa zizi, nikafikiri anaenda kutazama ng'ombe. Hakufika. Alisimama penye ukingo wa kivuli akiwa na viatu vyake vya kanisa, kama mtu anayengoja kukaribishwa kwa nyumba ya wenyewe. Mama alikuwa humo kivulini akipalilia, hakuinua kichwa.

"Hii hapa," baba akauliza, "ni nini umepanda?"

Mama aliendelea kupalilia kidogo. Halafu akasimama, akajipangusa mikono kwa leso ile mpya, akaanza kumwonyesha. Hii ni managu. Hii ni mchicha. Hii dania, onja. Hapa jua linafika asubuhi, ndiyo sababu isageek iko hapa. Hapa halifiki kabisa. Baba akawa anamfuata nyuma, anainama, anauliza, "Na hii?" Giza likaingia wakiwa bado huko, na sauti ya mwisho niliyosikia ilikuwa ya mama, akimwambia atoe mguu, amekanyaga vitunguu.